Makataa hufika, mtandao haufiki

Kila kampuni ya simu inapotangaza kwamba imeanza kuweka mtandao wa kizazi kipya, swali linaloulizwa hapa Mombasa huwa ni moja: sisi je, lini? Huliuliza kijana wa Likoni anayetengeneza simu, huliuliza karani wa bandarini, na mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba Tudor huliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Jibu nalo huwa ni lile lile la siku zote: hivi karibuni. Karibuni hiyo haina siku wala mwezi, na aliyeitamka hawezi kudaiwa. Ahadi ni deni, walisema wahenga, lakini ahadi isiyo na tarehe ni deni ambalo mdaiwa hulilipa apendapo.

Kungoja huku hakukuanza jana. Simu za mkononi ziliingia nchini mwaka 1993, zikiwa za watu wachache wenye fedha nyingi. Mwaka 2000 Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana, minara ikaanza kuota kandokando ya barabara kuu, na wakaao mbali na barabara wakangoja. Mwaka 2007 Safaricom ikapata leseni ya kwanza ya kizazi cha tatu kwa dola milioni 25 za Marekani, na wengi wakangoja tena. Desemba 2014 kizazi cha nne kikaanzia Nairobi na Mombasa. Miji mingine ikangoja. Machi 2021 yakaanza majaribio ya kizazi cha tano katika miji ya Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, na safari hiyo Mombasa haikuwa miongoni mwa miji minne iliyotajwa.

Wako wenzetu waliokasirika. Walikumbusha kwamba kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilizoiunganisha nchi hii na ulimwengu mwaka 2009, zilifikia nchi kavu papa hapa Mombasa. Walisema maji yamepita mlangoni mwetu yakaenda kunywesha majirani, nasi tumebaki na ndoo mkononi. Maneno hayo yana utamu wake, lakini siyaafiki. Kakamega na Kisii ni Kenya vile vile, na si dhambi mji wa bara kuutangulia mji wa pwani. Kosa liko kwingine.

Ili tulione kosa hilo, yafaa kwanza tufahamu jinsi mtandao unavyosafiri. Mnara pekee hautoshi. Mnara huhitaji umeme wa kutegemewa, na huhitaji njia ya kupitishia mzigo wa data hadi kwenye mitambo mikuu, ama kwa faiba iliyofukiwa ardhini, ama kwa mawimbi yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara. Huhitaji pia masafa, ambayo ni mali ya umma na hugawanywa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Tena masafa hayafanani. Yale ya chini huenda mbali na kupenya kuta, lakini hubeba mzigo mdogo. Yale ya juu hubeba mzigo mkubwa, lakini huchoka upesi, kwa hivyo minara yake sharti ikaribiane. Kizazi cha tano hutegemea zaidi masafa ya juu. Ndiposa huanzia mitaa yenye watu wengi, simu za bei kubwa na ofisi zenye uwezo wa kulipa, kabla ya kukifikiria kijiji ambacho nyumba zake zimetawanyika. Kampuni ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupeleka bidhaa penye mnunuzi. Simlaumu kwa hilo.

Ninayemlaumu ni yule anayemshurutisha raia kutumia bidhaa ambayo haijafika dukani.

Maana kungoja ni kwa namna mbili. Kijana wa mjini anayengoja kizazi cha tano, ilhali cha nne anacho, anangoja filamu ifunguke upesi na mchezo wa kwenye simu usikwamekwame. Mwalimu wa sehemu za ndani za Kinango au Tana River, ambako mawimbi huja na kupotea kama mvua za vuli, anangoja ili aweze kutimiza wajibu wa kazi yake. Wa kwanza akicheleweshwa hukosa starehe. Wa pili akicheleweshwa huandikiwa barua ya kumtaka ajieleze.

Tazama, msomaji, yale yaliyorundikwa juu ya mtandao katika sekta ya elimu pekee. Tume ya Huduma za Walimu imewataka walimu kujaza ripoti ya utendakazi wao, iitwayo TPAD, kupitia intaneti. Baraza la Mitihani la Kenya nalo huwataka walimu kupakia katika tovuti yake alama za tathmini zinazofanywa shuleni. Hizo si alama za mapambo: katika utaratibu wa KPSEA, ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, tathmini za shuleni za gredi ya nne, ya tano na ya sita zilipewa uzani wa asilimia 60 ya alama za mwanafunzi. Anayetafuta nafasi ya chuo kikuu huomba kupitia tovuti ya KUCCPS, na anayetafuta mkopo wa HELB huomba kwa njia iyo hiyo. Kila mojawapo ya haya lina makataa yake. Makataa ni mamoja kwa nchi nzima, ilhali mtandao si mmoja kwa nchi nzima.

Namjua mwalimu wa shule moja ya msingi ambaye, makataa yanapokaribia, huzikusanya karatasi za alama na kupanda bodaboda jioni hadi kwenye kilima kilicho mbali na shule, kwa kuwa huko ndiko simu yake hupata mawimbi. Nauli ni yake, data ni yake, na betri ikizimika hurudi kesho yake kuanza upya. Lakini alama anazozibeba si zake. Ni za watoto zaidi ya arobaini, ambao wamelala nyumbani kwao bila kujua kwamba bidii yao ya mwaka mzima imo katika mfuko wa koti, inapandishwa mlima gizani.

Lililo baya zaidi ni kwamba badala ya kuwangoja walio nyuma, tunazidi kuongeza mwendo. Kwa miaka mingi mtahiniwa wa kidato cha nne aliweza kuyapata matokeo yake kwa ujumbe mfupi, huduma ambayo hufika hata kwenye ile simu ndogo ambayo watu huiita mulika mwizi. Ni kweli kwamba ujumbe huo ulikuwa na ada yake. Hata hivyo, mama aliweza kuusoma akiwa shambani. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2023, yaliyotangazwa Januari 2024, watahiniwa walielekezwa kuyatafuta katika tovuti. Kwa aliyekaa penye mtandao, hiyo ilikuwa hatua mbele. Kwa aliyekuwa na mulika mwizi pekee, ilikuwa hatua nyuma, kwa kuwa ilimbidi kwanza amtafute mwenye simu kubwa, kisha wote wawili watafute mahali penye mawimbi.

Nasikia wakijibu kwamba teknolojia itawafikia wote, tuwe na subira. Subira ni njema, lakini hebu tukumbuke yaliyotokea Julai 2020, wakati shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Maputo makubwa ya kampuni ya Loon, iliyokuwa ya Alphabet, kampuni mama ya Google, yalianza kutoa huduma ya intaneti nchini kwa ushirikiano na Telkom Kenya, yakielea juu zaidi ya zipitapo ndege za abiria. Watu wa sehemu za kati na magharibi walitazama juu kwa matumaini. Januari 2021 wenye maputo wakatangaza kwamba wanaifunga kampuni, kwa kuwa hawakuona njia ya kuiendesha kibiashara. Mwaka haukutimia, na huduma ikaondoka kama ilivyokuja. Hakuna aliyevunja sheria. Ila twajifunza kwamba kinachokuja kwa hesabu ya faida huweza kuondoka kwa hesabu iyo hiyo, na haki ya mtoto haifai kutundikwa hapo.

Wengine husema kwamba huduma ya setilaiti ya Starlink imekuwapo nchini tangu mwaka 2023, kwa hivyo mwenye shida na aitumie. Nauliza: ni mwajiri gani mwingine anayempa mfanyakazi kazi, kisha akamtaka ajinunulie kwa mshahara wake mtambo wa kuifanyia? Shule ikinunuliwa mtambo huo kwa fedha za umma, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Mwalimu akitakiwa aununue yeye, hayo yatakuwa ni kumtoza ushuru wa kukaa mbali na mji.

Tena tusidhani kwamba hakuna njia nyingine. Nchi hii iliwahi kuufunza ulimwengu somo lenyewe. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, Wakenya walikuwa hawajaanza kutumia kizazi cha tatu. Waliobuni huduma hiyo hawakumwambia mkulima wa Bungoma asubiri kwanza minara mipya. Waliitazama simu aliyokuwa nayo mkononi, wakatengeneza huduma inayoingia humo. Fedha, ambazo kila mtu huogopa kuzipoteza, zikasafiri salama kwa mtandao wa zamani. Ikiwa fedha ziliweza, alama za mtoto na ombi la chuo zinashindwaje?

Sheria nayo haijatuacha mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma. Kifungu cha 47 humpa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za umma. Fauka ya hayo, sheria ya mwaka 2009 iliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao, ili huduma ifike mahali ambapo biashara pekee isingeifikisha. Vyombo tunavyo. Kilichopungua ni nia ya kuvitumia kwa mpangilio unaoeleweka na raia wa kawaida.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni zote za simu zichapishe ratiba ya kila mojawapo ya wadi 1,450 za nchi hii: ni kizazi kipi cha mtandao kimefika, kipi kinatarajiwa, na mwezi gani. Ratiba ikibadilika, sababu ielezwe. Mkazi wa Mombasa akiambiwa kwamba zamu yake ni mwaka ujao, atapanga mambo yake. Anayekerwa ni yule anayeambiwa "karibuni" mwaka baada ya mwaka. Masafa ni mali yetu sote, na mwenye mali ana haki ya kujua inavyotumiwa.

Pili, makataa yafuate mtandao. Ofisi yoyote ya umma inayoweka tarehe ya mwisho ya kujaza jambo katika tovuti iikague ratiba hiyo kwanza. Shule iliyo katika eneo lisilo na mtandao imara iongezewe siku, au iruhusiwe kupeleka karatasi katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na karani wa huko aziingize alama. Mtandao ukikatika siku ya mwisho, siku hiyo isihesabiwe. Hili halihitaji mnara hata mmoja. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja wenye sahihi ya mkubwa.

Tatu, tovuti za umma zitengenezwe kwa kumfikiria mwenye mtandao dhaifu. Ukurasa uliojaa picha za viongozi wakikata utepe humaliza data ya mwanafunzi kabla hajaiona fomu. Na pale inapowezekana, huduma ile ile ipatikane kwa ujumbe mfupi au kwa kubonyeza nambari katika simu ya kawaida.

Walimu na wanafunzi, nanyi msikae kungoja tu. Wekeni daftari shuleni. Andikeni siku, saa na mahali mtandao ulipopotea, ni kazi gani iliyokwama, na ni nauli kiasi gani iliyotumika kuutafuta. Walimu wa hisabati waitumie hesabu hiyo darasani. Wanafunzi wa jiografia wachore ramani ya mahali mawimbi yanapopatikana na yanapokosekana katika kata yao. Kisha nakala iende kwa Mamlaka ya Mawasiliano, nyingine kwa mbunge, na nyingine kwa ofisi iliyoweka makataa. Lalamiko la mdomo hupotea na upepo, lakini daftari la miezi sita ni ushahidi.

Kamba hukatikia pabovu, na katika elimu yetu pabovu pamejulikana kwa muda mrefu. Kampuni na ziendelee kujenga minara kwa kasi ya mifuko yao. Ila maadamu minara hiyo haijafika kila mahali, serikali haina haki ya kumhukumu mtoto wa Tana River kwa saa iliyotegwa Nairobi.