Mashine Itofautishe "Nina" na "Sina"

Kompyuta sasa hugeuza usemi kuwa maandishi. Programu ya Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, hutambua Kiswahili, na vilevile Kitamil na Kimalayalam, lugha za Kidravidi za kusini mwa India. Kwa mhudumu wa zahanati anayehudumia foleni huku akijaza vitabu vya MTUHA, hiyo yaweza kuwa nafuu kubwa.

Hata hivyo, katika lugha hizo kama katika yetu, neno moja hubeba mengi. "Nimemeza" na "sijameza" ni sentensi kamili. "Nina homa" na "sina homa" hutofautiana kwa sauti moja tu. Wapimaji wa programu hizi huhesabu maneno yaliyokosewa: kosa 1 katika maneno 20 ni asilimia 5, liwe katika salamu au katika dalili ya ugonjwa. Kwa tabibu, makosa hayo hayalingani.

Tena, mashine huzoea sauti ilizofundishwa. Mzee wa delta ya Rufiji anayechanganya Kiswahili na Kindengereko aweza kuwa mgeni kwake.

Kwa hiyo, kabla ya kuingizwa katika zahanati za Kibiti, programu hizi zipimwe kwa sauti za wakazi wenyewe, kwa ridhaa yao, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mhudumu amsomee mgonjwa kilichoandikwa kabla ya kukihifadhi. Nawe mgonjwa, usione haya kuomba usomewe: maelezo ni yako, na dawa itakayoandikwa kwayo utaimeza wewe.