Kijana Wako Hakuiba, Mzee Wangu

Juma lililopita mzee mmoja alinisimamisha njiani, akaniuliza jambo ambalo nadhani wazazi wengine pia wanalo moyoni. Mwanawe amesomea kompyuta, naye amepewa kazi ya kutengeneza kurasa za intaneti za duka la pembejeo. Mzee alipomtazama akifanya kazi, aligundua kwamba vitufe, fomu na majedwali havikutungwa na kijana. Alivichukua vimekwisha tengenezwa na watu wa ng’ambo. “Na fedha anapokea!” akasema. “Huo si wizi?”

La, mzee wangu. Mkusanyo wa vipande hivyo huitwa Bootstrap. Ulianzishwa na Mark Otto na Jacob Thornton walipokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Twitter huko Marekani, na mwezi wa Agosti 2011 ukatolewa bure kwa watu wote. Ruhusa yake, iitwayo MIT, yamwachia mtu kuvitumia vipande hivyo, kuvibadili, hata kuvitia katika kazi ya kuuza, mradi asiyafute maneno ya haki ya wenyewe na ya ruhusa hiyo. Kijana akiyaacha mahali pake, hana deni la mtu.

Uvivu ni jambo jingine. Kurasa za Bootstrap zisizorekebishwa zafanana kama matofali ya kalibu moja, na kitufe cha buluu ileile. Kijana hulipwa kwa kuvirekebisha vipande vimfae mwenye duka na wateja wake. Kazi hiyo hufanywa kwa CSS, lugha iuambiayo ukurasa uwe na rangi gani, herufi za ukubwa gani na nafasi kiasi gani.

Hapo ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Nilipokuwa najifunza, nililifungua faili la Bootstrap lenyewe nikabadili rangi humo humo. Siku nilipoweka toleo jipya juu yake, kazi yangu ya majuma mawili ilifutika yote, wala sikuwa na nakala. Yafaa faili hilo lisiguswe kabisa. Andika mabadiliko yako katika faili lako mwenyewe, nalo lisomwe baada ya lile. Kwani kanuni mbili zenye nguvu sawa zikigongana, ya mwisho ndiyo ifuatwayo. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2022, rangi ya kitufe ina jina lake, --bs-btn-bg. Ukiitaja upya mara moja chini ya .btn-primary, vitufe vyote vya aina hiyo vitageuka.

Lakini angalia: ukikifanya kitufe kiwe cha njano kwa njia hiyo, maandishi yake yatabaki meupe, na juani hayasomeki. Kipimo kinachokubaliwa kwa maandishi ya kawaida ni tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 angalau. Basi rangi ya maandishi nayo ibadilishwe, pamoja na ile itokeayo kitufe kinapoguswa.

Watumiao programu ya Sass hufanya kinyume: hutaja rangi zao kwanza, ndipo huiita Bootstrap, kwa kuwa thamani zake zimetiwa alama ya !default, yaani itumike hii ikiwa hakuna nyingine iliyokwisha tajwa. Sass pia yakuwezesha kuchukua vipande unavyohitaji tu. Faili zima la CSS la toleo la 5 lapita kilobaiti 200 kabla ya kubanwa, naye mkulima atafutaye bei ya mbolea ana bando la kuhesabu. Duka lisilo na picha za kupokezana labebea nini kanuni zake?

Mzee, ukimkuta tena kazini, mwombe akuonyeshe faili lake mwenyewe na mahali alipoweka nakala. Kisha mtoke nje saa sita mchana, aufungue ukurasa kwa simu yako hiyo yenye kioo kilichopasuka, nawe umsomee bei.