Sahihi isiyo na shahidi



Juma hili tunaongea juu ya mayo za mpira, zile zinazouzwa na sahihi ya mchezaji juu yake. Wengine mtauliza: hiyo ni habari ya wamama, ao ya vijana wa uwanjani? Ni habari yetu. Makuta yaliyopotea yalitoka katika likelemba ya kikundi chetu, na yalikuwa makuta ya mtihani wa Serikali wa binti mmoja.

Mama mmoja kati yetu alipokea zamu yake ya likelemba. Mpango wake tuliujua wote: kulipia mtihani wa binti yake anayemaliza sekondari, na kwa yatakayobaki kununua mahindi ya kuuza. Siku mbili baadaye treni ikafika, na ndani yake mchuuzi kijana mwenye maneno matamu. Alikuwa na mayo nyeusi na nyeupe ya Mazembe, imefungwa katika plastiki, na kifuani jina la Kidiaba kwa wino mweusi. Akasema: "Mama, alisinye mwenyewe mbele ya macho yangu, kule Kamalondo, baada ya mechi. Lubumbashi wageni wa migodi wanainunua kwa dola mia tatu. Mimi natafuta tu tiketi ya kurudi, nipatie sitini." Akatoa na karatasi yenye muhuri mwekundu, cheti cha kusema sahihi ni ya kweli.

Msimcheke mama huyu. Nani hapa Kaniama hamjui Robert Kidiaba, golikipa aliyeruka-ruka kwa matako kila Mazembe ilipofunga goli? Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilishinda Pachuca ya Mexico 1-0, ikashinda Internacional ya Brazil 2-0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Fainali tulipoteza 3-0 mbele ya Inter ya Milan, lakini furaha ile haikupotea. Mchuuzi alijua anagusa wapi. Mama alifikiri dola sitini zitazaa mia tatu, mtihani utalipwa na mahindi yatakuwa magunia, si mifuko. Akatoa makuta.

Majuma matatu yalipita, mnunuzi hakuonekana. Ndipo mtoto mmoja wa darasa letu akaja masomo amevaa mayo ya namna ileile, yenye sahihi ileile. Baba yake aliinunua kwa mchuuzi mwingine, kwa bei ndogo sana. Tukamwomba mama alete yake. Tukaziweka mbili, moja juu ya nyingine, kwenye dirisha la darasa ambapo jua linaingia. Mstari ulilala juu ya mstari, nukta juu ya nukta. Mama alinyamaza, akakaa juu ya benchi ya watoto. Alijua kabla hatujasema.

Kwa nini tulijua? Kwa sababu sisi walimu tunaishi na sahihi. Kila mwisho wa kipindi tunatuma bulletini nyumbani ili mzazi atie sahihi. Kila mara kuna mtoto aliyepata alama mbaya, akajisainia mwenyewe kwa jina la mama yake. Tunamkamata namna gani? Mara nyingi sahihi yake ni nzuri kupita ya mama. Imeandikwa polepole, herufi moja moja, kama mtu anayechora nyumba. Mama wa kweli anasaini haraka, sufuria iko motoni, na sahihi yake ya Januari haifanani kabisa na ya Aprili. Inafanana kama watoto wa tumbo moja wanavyofanana, lakini hailingani nukta kwa nukta. Mkono wa mtu si mashine.

Basi, tuweke wazi namna za sahihi za uongo. Ya kwanza ni ile iliyomkamata mama wetu, iliyochapwa. Imepigwa kiwandani pamoja na rangi ya mayo, na maelfu ya mayo yana ileile. Ukiangalia karibu, wino umelala sawasawa kila mahali, haukuzama katika nyuzi. Sahihi ya kalamu nene juu ya nguo inavuja kidogo pembeni, na inaonyesha mahali mkono ulipokaza na mahali ulipopita mbio. Ya pili ni ya muhuri, nayo inajulikana kwa kufanana vilevile. Ya tatu ni ya mkono, ila mkono wa mwizi. Hapo tafuta mstari unaotetemeka, nukta nene pale kalamu iliposimama kufikiri, na herufi zilizokatika katikati mahali mwenye jina angepita bila kuinua kalamu. Ya nne wengi hatuifikirii: mtu wa ekipe anasaini kwa jina la mchezaji aliyechoka, bila nia mbaya. Lakini bado si mkono wa mchezaji.

Kuna na kipimo cha tarehe, ambacho hakihitaji kuwa fundi wa maandishi. Mfano ni Ndaye Mulamba, mtoto wa Kananga, kwenye reli yetu hii hii. Mwaka 1974, katika Kombe la Afrika kule Misri, alifunga magoli 9, na hakuna aliyemfikia mpaka leo katika kombe moja. Mayo ya kijani ya Zaire ya mwaka ule inatengenezwa upya na kuuzwa sehemu nyingi. Sasa, Ndaye alifariki Januari 2019, Afrika ya Kusini. Mtu akikuletea sahihi yake juu ya mayo iliyotoka kiwandani baada ya hapo, usipoteze nguvu kuangalia herufi. Marehemu hasaini. Kwa hiyo uliza kwanza: nguo hii ni ya mwaka gani, na mchezaji alikuwa wapi mwaka ule?

Kuhusu Ndaye tuseme na neno moja zaidi. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima kwa ajili ya magoli yale. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia, akapigwa risasi mguuni. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko katika umaskini. Anayeuza sahihi ya uongo ya mtu kama huyo anaiba mara mbili: anaiba makuta ya mama sokoni, na anaiba jina la mtu ambaye jina ndilo alilobaki nalo. Katika dola zile sitini, hakuna hata franka moja inayomfikia mchezaji.

Na cheti chenye muhuri? Wamama, muhuri unachongwa popote. Marekani, miaka ya 1990 kuelekea 2000, polisi wa FBI walikamata kundi kubwa la watu wa California waliotengeneza sahihi za wachezaji na kuziuza na vyeti vyake. Kati ya vitu walivyouza kulikuwa na mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa wa Calcutta. Hebu fikirini, mtawa yule amekaa anasaini mipira! Na ilikuwa na vyeti. Kama mwizi anaweza kuandika jina la mtakatifu, atashindwa kuandika cheti?

Basi kitu cha kweli kinajulikana kwa nini? Kinajulikana kwa njia kilichopita na watu waliokiona. Angalieni mayo ya Maradona, ile aliyoivaa Juni 1986 kule Mexico alipofunga Uingereza magoli mawili, moja kwa mkono. Mwingereza Steve Hodge alibadilishana naye baada ya mechi, akaitunza, kisha ikakaa miaka mingi katika jumba la kumbukumbu la mpira la Uingereza. Mwaka 2022 iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Hata hapo jamaa ya Maradona walipinga, wakasema ni ile ya nusu ya kwanza, kabla ya magoli. Wauzaji walikuwa wamelinganisha nguo na foto za mechi, alama kwa alama: nembo imeshonwaje, mistari inakutana wapi. Kama mayo yenye historia ndefu hivyo inaulizwa maswali, ile ya mchuuzi wa treni tusiiulize?

Hapa ndipo tunajilaumu sisi wote, si yule mama peke yake. Dawa tulikuwa nayo nyumbani. Katika daftari la likelemba yetu hakuna anayepokea makuta bila kuandika tarehe, kiasi na jina lake, mbele ya wamama wawili wanaotia sahihi chini. Nkambo mmoja wa kikundi hakusoma, anatia kidole gumba, na hata yeye hakubali kidole chake kikae bila mashahidi. Sheria ile tuliyojiwekea kwa ajili ya franka zetu ndiyo sheria ya watu wanaokusanya vitu vya wachezaji dunia nzima: nani aliona, siku gani, mahali gani. Tuliisahau siku mtu alipotaja jina kubwa.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Makuta ya masomo, ya dawa na ya likelemba yasinunue kitu ambacho mnunuzi wake hatumjui. Anayesema Lubumbashi kuna mtu wa dola mia tatu, mwambie amuuzie huyo mtu mwenyewe. Akikuharakisha kwamba treni inaondoka, acha treni iondoke. Ukiona kitu kinakuvuta, kilete kwanza katika mkutano. Macho ya wamama kumi yanaona kuliko mawili.

Na kama mtoto wako anapenda sahihi, usimkataze, ni furaha nzuri. Wasichana wa darasa letu wanaimba majina ya Mazembe ya wanawake tangu iliposhinda kombe la Afrika la vilabu mwaka 2024. Siku mchezaji akipita Kamina ao hapa kwetu, mtoto aende na daftari lake na kalamu. Mpigeni foto kwa telefone wakati mchezaji anaandika, mkono na kalamu vionekane. Jioni ileile, kwenye karatasi ya pembeni, andikeni tarehe, mahali na jina la aliyekuwepo. Daftari la mia chache za franka lenye foto ile ni la kweli kuliko mayo ya dola sitini. Kama ni nguo, msiifue wala kuipiga pasi juu ya wino. Ikunjeni katika kitambaa kisafi, ikae sandukuni mbali na jua, unyevu na mende.

Mtauliza binti alikuwaje. Kikundi kilikaa, kukawa maneno makali, tusifiche. Wengine walisema mama ajibebee mzigo wake. Mwishoni tulikubaliana kumsogezea zamu nyingine, anarudisha kidogo kidogo kila Jumamosi, na yote yameandikwa mbele ya mashahidi. Makuta ya mtihani yalilipwa siku mbili kabla ya mwisho. Biashara ya mahindi itangoja mwaka mwingine.

Mayo yenyewe mama alitupatia. Kama nguo si mbaya. Tumeitundika darasani karibu na ubao, na siku ya bulletini tunawaonyesha watoto: hii ni sahihi iliyokosa shahidi. Tangu hapo, anayejisainia kwa jina la mama yake anafikiri mara mbili.

Jumamosi, katika mkutano, kila mmoja alete daftari la kikundi chake. Tutaangalia pamoja kama kila ukurasa una mashahidi wake wawili. Bakini na amani.