Mwanafunzi wa Lushebere na Saikolojia ya Ughaibuni: Kinachokosekana ni Msimamizi

Miongoni mwa maswali yanayovikabili vyuo vikuu vya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na wafadhili wanaovisaidia, ni kama fedha zinazotumika kumpeleka mwanafunzi wa saikolojia tumizi nchi ya kigeni kwa muhula mmoja au miwili huzaa huduma yoyote kwa watu wa kijiji alikotoka, au huishia kwenye cheti kinachomfungulia mlango wa kazi mahali pengine. Swali hili lina uzito wa pekee kwa Lushebere, kijiji kilicho karibu na Masisi-Centre, makao makuu ya wilaya ya Masisi, kama kilometa 80 kutoka Goma, ambacho kwa miaka mingi kimepokea wakimbizi wa ndani waliohama vijiji vyao kwa sababu ya vita. Tangu machafuko yaliyoanzia Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, hadi Masisi-Centre ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, kizazi kizima kimezaliwa na kukua kikijua kukimbia, kurudi na kukimbia tena. Kwa hiyo mahitaji ya huduma ya nafsi hayahitaji kuthibitishwa upya, na kinachobishaniwa ni njia ya kumwandaa atakayeitoa.

Saikolojia tumizi ni tawi la elimu linalochukua matokeo ya utafiti kuhusu akili, hisia na mwenendo wa binadamu na kuyatumia kutatua shida za watu shuleni, kazini, hospitalini na katika jamii, tofauti na saikolojia ya nadharia ambayo hutafuta kujua kwanza na kutumia baadaye. Nchini Kongo elimu hii si ngeni. Serikali ilipoviunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kitivo cha saikolojia na ualimu kiliwekwa Kisangani, na hata baada ya muungano huo kuvunjwa mwaka 1981, Kisangani iliendelea kuwa chimbuko la walimu na washauri wengi wa fani hii mashariki mwa nchi. Katika ngazi ya huduma Goma ina kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, na Bukavu ina kile cha SOSAME, vyote vya Mabradha wa Upendo. Vijijini kazi hubebwa na wasaidizi wa kisaikolojia na jamii, ambao eneo zima la Kivu huwaita kwa kifupisho cha Kifaransa, APS, watu wenye elimu ya sekondari na mafunzo mafupi, ambao mara nyingi mshahara wao hutoka kwenye mradi na hukatika mradi unapofungwa.

Mpango wa kubadilishana wanafunzi, kwa upande wake, ni utaratibu ambao chuo cha nyumbani na chuo cha kigeni hutiliana saini makubaliano, mwanafunzi akasoma ugenini kwa muda, kisha krediti alizopata, yaani vipimo vya uzito wa kila somo, zikahesabiwa kana kwamba alizipatia nyumbani. Mpango mashuhuri zaidi ni Erasmus wa Ulaya, ulioanza mwaka 1987 na ambao tangu mwaka 2015 umewafungulia mlango pia wanafunzi wa vyuo vya Afrika. Kongo ilipokubali mfumo wa shahada wa ngazi tatu na kuueneza katika vyuo vyake kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, kikwazo kimoja kiliondoka, kwa kuwa mwaka mmoja wa masomo sasa una krediti 60 Goma kama ulivyo na 60 Brussels. Kwenye karatasi, basi, mwanafunzi wa Masisi na mwenzake wa Ubelgiji wanaweza kubadilishana viti bila mmoja wao kupoteza mwaka.

Vikwazo vilivyobaki vinajulikana na havihitaji maelezo marefu. Viza nyingi za Ulaya huombwa Kinshasa, ambako kutoka Goma hakuna barabara ya moja kwa moja, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025. Asiye na ufadhili kamili akitaka kusoma Ujerumani hutakiwa aonyeshe euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Septemba 2024. Na chuo chenye makubaliano machache hakina nafasi za kugawa, hata wanafunzi wake wawe hodari namna gani. Vikwazo hivi ni vya haki na usawa, na kupigania viondolewe ni jambo jema. Hata hivyo, vikiondoka vyote kesho, tatizo lililo zito zaidi litabaki, nalo linahusu kile ambacho mwanafunzi hukipata akishafika.

Anayefika katika chuo cha Ulaya kwa muhula mmoja hupata mihadhara, maktaba, takwimu na semina, mambo ambayo kwa sehemu kubwa yanaweza kusomwa popote penye vitabu. Asichokipata kwa urahisi ni mgonjwa. Kuketi na mtu mwenye shida kunahitaji lugha yake, na Kifaransa au Kiingereza cha darasani hakitoshi kumsikiliza mzee wa Liège, Ubelgiji, au kijana wa Konstanz, Ujerumani, anayeongea kwa mafumbo ya kwao. Kunahitaji pia ruhusa ya sheria. Ubelgiji, kwa sheria za mwaka 2014 na 2016, iliiweka saikolojia ya kliniki miongoni mwa fani za afya, hivi kwamba anayetaka kuifanya kwa kujitegemea hana budi kuwa na shahada ya miaka mitano ikifuatiwa na mwaka wa kazi chini ya msimamizi. Sheria hiyo ni ya busara, kwa sababu inamlinda mgonjwa, lakini matokeo yake ni kwamba mgeni wa miezi mitano huona kazi ya kliniki kwa mbali, ikiwa ataiona kabisa. Hurudi nyumbani na kile kilichokuwa rahisi kupewa, huku mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Kongo huyaita staji, yakibaki kiporo.

Hapa ndipo ushahidi uliopatikana katika eneo lenyewe unapaswa kuzingatiwa. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio lililofanyika katika vijiji vya mashariki mwa Kongo kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na waliokuwa na dalili nzito za kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalomrudisha mtu kwenye tukio kila mara, pamoja na sonona na wasiwasi. Wanawake 157 walipewa tiba ya kuchakata fikra, njia iliyobuniwa Marekani inayomsaidia mtu kuzichunguza imani alizojijengea baada ya tukio, kwa mfano kwamba kosa lilikuwa lake. Walipata kikao kimoja cha ana kwa ana na vikao 11 vya kikundi. Wengine 248 walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na sonona au wasiwasi walikuwa 9% katika kundi la kwanza na 42% katika la pili. Takwimu hizo zipokewe kwa tahadhari, kwa sababu waliofuatwa katika vipimo vyote vitatu walikuwa 65% tu ya kundi la kwanza na 52% ya lile la pili, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

La kuangaliwa zaidi kuliko asilimia hizo ni nani alitoa tiba hiyo. Hawakuwa wahitimu wa vyuo vikuu, bali APS waliotakiwa kuwa na angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, na mazoezi yalirekebishwa ili yafanyike kwa kukariri, kwa sababu wengi wa wanawake hawakujua kuandika. Kilichowabeba ni ngazi za usimamizi: kila wiki APS alizungumza na msimamizi wa Kikongo, ana kwa ana au kwa simu, msimamizi huyo naye alisimamiwa na mtaalamu wa kliniki aliyeishi nchini, na mtaalamu huyo naye aliwasiliana kila wiki na wakufunzi waliokuwa Marekani. Maarifa yalivuka bahari, lakini mtoa huduma na mgonjwa walibaki kijijini.

Nchini Uganda nako, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliwafundisha wakimbizi kuwatibu wakimbizi wenzao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Njia mojawapo ilikuwa tiba ya masimulizi, ambamo mtu hutandaza kamba sakafuni kuwa ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka ua mahali pa kila jambo jema na jiwe mahali pa kila pigo, kisha akasimulia jiwe moja baada ya jingine kwa mfuatano hadi tukio lipate mahali pake katika wakati uliopita. Kati ya Wanyarwanda na Wasomali 277 walioshiriki, miezi tisa baadaye hali ya kiwewe haikuweza kuthibitishwa tena kwa 70% ya waliopata tiba hiyo, kwa 65% ya waliopata ushauri wa namna nyingine uliokuwa huru zaidi, na kwa 37% tu ya waliofuatiliwa bila tiba. Njia mbili tofauti, zikitolewa na watu waliofunzwa vizuri, zilikaribiana. Zilichoachana nacho kwa mbali ni kutokuwa na tiba. Ni vigumu, baada ya matokeo hayo, kuamini kwamba pengo kati ya Masisi na Ulaya ni pengo la nadharia.

Usimamizi unaozungumziwa hapa usichanganywe na ukaguzi, wala na ile saini inayowekwa chini ya ripoti ya staji. Ni mazungumzo ya kila mara baina ya anayeanza kazi na aliyebobea, ambamo kikao kilichopita hupitiwa upya neno kwa neno: mama alipoanza kulia, kwa nini msikilizaji alibadilisha mada; alipotaja jina la jirani, kwa nini liliandikwa kwenye daftari ambalo watu wengine wanaweza kulifungua; kwa kuwa kibanda cha kambini kina ukuta wa turubai na majirani wako hatua mbili, siri italindwa vipi. Maswali ya aina hiyo hayajibiwi na mhadhara uliotungwa kwa ofisi zenye milango inayofungwa. Hujibiwa na mtu anayezijua hali zote mbili, kanuni ya fani na kambi ilivyo, na watu wa namna hiyo ndio walio adimu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina nguvu. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi aliyelelewa katikati ya vita anahitaji umbali, kwa sababu asiyewahi kuona jamii yenye utulivu anaweza kuichukua hofu ya kudumu kuwa ndiyo hali ya kawaida ya binadamu, na kwa sababu yeye mwenyewe ana mawe yake ya kusimulia kabla ya kusikiliza ya wengine. Hoja hii ni ya kweli, lakini inadai mapumziko, tiba binafsi na upana wa mtazamo, mambo ambayo makubaliano mengi ya vyuo hayayataji popote. Ya pili ni kwamba usimamizi kwa simu hutegemea mtandao, umeme na usalama, vitu ambavyo Masisi havina uhakika. Hilo pia ni kweli, na ndiyo maana msimamizi wa karibu, anayeweza kufikiwa kwa pikipiki, hawezi kuachwa na kubakishwa yule wa mbali peke yake. Ya tatu ni hofu kwamba anayekwenda harudi. Lakini kwa Lushebere hasara ni ileile, kijana akibaki Ulaya au akiajiriwa na shirika la kimataifa mjini Goma.

Kati ya kubaki nyumbani na kwenda Ulaya ipo njia ya tatu ambayo haijatumiwa ipasavyo. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Uganda inahifadhi zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi wa Kikongo. Mwanafunzi wa Goma akipelekwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, mji ulio jirani na Nakivale, atajifunza Kiingereza na takwimu kama ambavyo angejifunza ng'ambo, na jioni ya siku hiyohiyo anaweza kuketi chini ya msimamizi akiwasikiliza watu kwa Kiswahili au Kinyarwanda, wengine wakiwa wametoka milima ileile ya Masisi. Staji yake itakuwa staji kweli. Nauli ya basi pia haiwezi kulinganishwa na tiketi ya ndege.

Ubadilishanaji una upande wa pili, nao ni wa wageni wanaokuja Kivu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwanafunzi wa kigeni anayekaa wiki chache, akawasimulisha manusura yale ambayo wameshawasimulia wengine mara nyingi, kisha akaondoka na tasnifu, hamponyi mwenyeji. Makubaliano ya haki yangemzuia kukutana na wagonjwa bila msimamizi wa Kikongo na kumtaka aache nyuma kazi inayotumika, huku yakihakikisha kwamba mwalimu wake anafika pia, kwa kuwa ziara ya mkufunzi mmoja anayewafunza wasimamizi kumi wa Kivu huenda mbali kuliko muhula wa mwanafunzi mmoja ughaibuni.

Safari za masomo zisifutwe, ila zipewe sharti. Mfadhili mwenye fedha za kutosha amtume mwanafunzi, amlipe msimamizi atakayemfuata kwa angalau mwaka mmoja baada ya kurudi, na mkataba utamke mapema nani atalipa mshahara wa kazi atakayoikuta. Mfadhili asiye na fedha za yote mawili aanze na msimamizi, kwa sababu APS mwenye usimamizi ameshaonyesha vijijini kwamba anatibu, ilhali muhula wa ugenini usiofuatwa na usimamizi bado haujaonyesha hivyo popote. Vyuo navyo viache kuyapima makubaliano yao kwa idadi ya wanafunzi waliosafiri, viyapime kwa idadi ya wahitimu ambao, mwaka mmoja baada ya kurejea, bado wanafanya kazi Masisi au Walikale na bado wana mtu wa kuipitia kazi hiyo pamoja nao.