UJENZI BORA: Pima Mzigo Kabla ya Kukodi Gari

Ndugu msomaji wa Buganguzi, unataka kuleta saruji kutoka Muleba? Piga hesabu kwanza. Mfuko mmoja una kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja. Mifuko 40 ni tani mbili. Pikapu ya tani moja haiwezi mzigo huo. Ukiilazimisha, springi zitakatika. Breki zikishindwa kwenye mteremko, watu watakufa.

Kodi lori la tani tatu. Shirikiana na jirani anayejenga, mgawane gharama. Patana bei kabla ya kupakia. Uliza pia nani atawalipa wapakiaji.

Chukua turubai. Saruji ikilowa huganda, haifai tena. Usipande juu ya mzigo.

Je, mzigo wako ni tani ngapi? Shika kalamu, uandike.