Mwili Wetu: Mkono Usiosikia Moto



Mwezi huu twataka kunena habari za mishipa ya fahamu, maana watu wengi waijua mishipa ya damu tu. Ile ya damu ni mirija, ina uwazi ndani. Hii ya fahamu ni kama nyuzi nyembamba zilizofungwa pamoja, wala haichukui damu bali habari. Jozi 12 hutoka kichwani, na jozi 31 hutoka katika uti wa mgongo, zikagawanyika na kugawanyika tena hata kufika ncha za vidole. Nyuzi nyingine huleta habari za moto, baridi, mguso na maumivu. Nyingine hupeleka amri kwa misuli.

Mtazameni mama aliyegusa sufuria ya moto pasipo kujua. Mkono huruka kwanza, kisha ndipo asema, “Lo!” Sababu yake ni kwamba habari ya moto ikifika katika uti wa mgongo, amri hurudi mkononi papo hapo, isingoje shauri la ubongo. Maumivu yenyewe huja nyuma. Yale ya kuwaka yanayodumu huchukuliwa na nyuzi za polepole, ziendazo kama mita 1 tu kwa sekunde.

Basi fikirini mkono ulionyimwa mlinzi huyo. Sisi tuliuona, na twaona haya kusimulia. Tulipokuwa tukifundisha shule ya kijijini, alikuwako mvulana aliyeangusha kalamu kila mara. Tulimkemea kwa uvivu. Siku moja tukampiga fimbo kiganjani. Hakulia. Hasira yetu ikazidi, kwa kuwa tulidhani ni kiburi. Juma lililofuata alikuja na lengelenge kubwa kidoleni, wala hakujua amelipata wapi. Tabibu wa zahanati alimshika kiwiko, akapapasa, akatuambia kwa sauti ya chini kuwa ni ukoma. Mtoto hakulia kwa sababu hakusikia.

Vijidudu vya ukoma viligunduliwa mwaka 1873 na tabibu Armauer Hansen, katika mji wa Bergen, nchi ya Norway. Vyapenda sehemu za mwili zilizo na ubaridi kidogo, navyo huingia katika mishipa ya fahamu, hasa pale ipitapo karibu na ngozi. Kila mtu amepata kujigonga kiwiko upande wa ndani, akasikia kama cheche zinakimbia mpaka kidole cha mwisho. Ule ni mshipa wa fahamu, nao ndio ulikuwa umevimba kwa mvulana wetu. Ukiharibika, kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake hufa ganzi, na misuli midogo ya kiganja hulegea, vidole vikajikunja kama kucha za mwewe. Ndiyo maana kalamu ilianguka.

Watu husema ukoma hula vidole. Sivyo. Tabibu Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, Bara Hindi, tangu mwaka 1946, alichunguza sana jambo hili, akaona ya kuwa nyama ya wagonjwa haiozi yenyewe. Mtu asiyesikia hushika sufuria ya moto, hutembea juu ya mwiba siku nzima, kidonda huingia uchafu hata mfupani, na mfupa hupungua kidogo kidogo. Wengine waliguguniwa vidole na panya usiku wakiwa usingizini. Wakapewa paka wa kulala nao!

Na ninyi walimu wa dini, jihadharini mnapofundisha Mambo ya Walawi. Neno lililotafsiriwa ukoma katika kitabu hicho lataja hata madoa ya nguo na kuta za nyumba, basi si ugonjwa huu peke yake. Kwa somo lililofundishwa vibaya, wazazi wa mvulana yule walimtengea sahani na kumlaza jikoni, wakamficha miezi mingi.

Dawa ipo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitolewe pamoja, nazo hutolewa bure tangu mwaka 1995. Wenye vijidudu vichache huzitumia miezi 6, wenye vingi miezi 12. Mgonjwa akiisha kuzianza, upesi haambukizi tena. Mvulana alipona ugonjwa, lakini vidole viwili havikunyooka. Angaliletwa katika miezi 6 ya kwanza ya ganzi, pengine mshipa ungaliokoka.

Basi mama amwogeshapo mtoto na amtazame mgongo, mapaja na mikono. Akiona baka lililofifia rangi au jekundu kidogo, lisilowasha wala kuuma, amfumbe mtoto macho, aliguse kwa kipande cha pamba, amwambie aonyeshe alipoguswa. Asipojua, aende zahanati juma hilo hilo. Na mwalimu aonapo kalamu inaanguka mara kwa mara, autazame mkono kabla ya kushika fimbo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza habari za jicho lisilofumba, maana nalo lina mshipa wake.