Katapila Lisubiri Risiti ya Arusha

Mwaka 2009 mtaalamu wa mimea wa Madagaska, Patrice Antilahimena, alichuma okidi moja ndogo katika msitu uliokuwa ukikaguliwa kwa ajili ya mgodi wa nikeli na kobalti wa Ambatovy. Ikabanwa kwenye magazeti, ikakauka, ikabandikwa kwenye karatasi ngumu, ikaandikiwa lebo na kuwekwa kabatini. Machi 2024 jarida la Current Biology likaitangaza kuwa spishi mpya, Solenangis impraedicta. Ua lake lina upana wa sentimita 2 hivi, lakini nyuma yake unaning'inia mrija wa mbochi wenye urefu wa sentimita 33. Rula ya mwanafunzi haifiki huko.

Waandishi wengi walioichukua habari hiyo walimkimbilia Charles Darwin. Siwalaumu, kisa chenyewe ni kitamu: mwaka 1862 mzee yule alilitazama ua la okidi nyingine ya Madagaska, lenye mrija unaokaribia urefu huohuo, akasema lazima awepo nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho. Nondo akatangazwa mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki zamani. Mimi kilichonishika si nondo. Ni ile miaka 15 ya kukaa kabatini, na ni lile neno "mgodi".

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kukausha mimea. Tangu nistaafu nimekuwa nikichukuliwa kibarua na washauri wanaoandaa Tathmini ya Athari kwa Mazingira: barabara, njia za umeme, bwawa, machimbo ya kokoto. Mnapita msituni na mshauri mwenye haraka, dereva anapiga honi barabarani. Juu kwenye tawi unaiona okidi, haina ua. Unaandika kwenye fomu: "okidi, haijatambuliwa." Ripoti inachapwa kwa rangi na kujaladiwa vizuri, cheti kinatoka, mti unaangushwa na tawi lake. Ile okidi ilikuwa ipi? Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuichuma.

Msomaji ataniuliza: wewe mtaalamu, huwezi kuitambua kwa macho? Siwezi, na ukimpata anayesema anaweza, mkague vizuri. Okidi hizi za juu ya miti (hazimnyonyi mwenyeji wake, wakulima wa iliki wanazionea bure kwa kuzikwangua) zinafanana majani kama watoto wa shule waliovaa sare. Nyingine hazina majani kabisa, ni fundo la mizizi ya kijani lililong'ang'ania gome, na mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya jani. Siri yote imo kwenye ua. Na ua la okidi ukilikausha tu kwenye gazeti linalala bapa na kuwa la kahawia, umbo limepotea. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hutumbukiza walau ua moja kwenye chupa ya spiriti, limbakie mtu wa kulifungua chini ya hadubini.

Anayelifungua hupima kwa milimita: mdomo wa ua, mrija, kisha vile vifurushi viwili vya chavua na vikonyo vyake. Kwa kundi hili la kina Solenangis, namna vikonyo hivyo vilivyoshikana inaweza kukuambia umo katika jenasi gani. Baada ya hapo anapanga mezani karatasi za ndugu zake wote wanaojulikana, moja baada ya moja, mpaka aridhike kwamba hii haipo. Huchora. Huandika maelezo. Mwisho huchagua sampuli moja tu iwe sampuli mama, ambayo jina jipya litaning'inia kwayo siku zote, na hutaja hebaria, yaani nyumba ya mimea iliyokaushwa, inakotunzwa. Bila hiyo sampuli hakuna jina. Picha ya simu, hata iwe nzuri vipi, haishiki nafasi yake.

Kwa hiyo inajalisha karatasi hiyo iko wapi. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na sampuli nyingi za milima yetu zilisafirishwa hadi Berlin. Huko Rudolf Schlechter alizitolea majina okidi nyingi za Afrika. Machi 1943 mabomu yakaichoma hebaria ya Berlin, na hazina ya okidi ya Schlechter ikateketea. Waliokuja nyuma yake wamelazimika kushikilia michoro yake na nakala zilizokuwa zimetumwa kwingine. Karatasi za Amani ambazo hazikwenda Ulaya zilihamishiwa Nairobi baadaye, na zipo hadi leo katika Hebaria ya Afrika Mashariki. Nikikumbuka hilo huwa sina subira na mtu anayeniambia kwamba vitu vyetu viko salama zaidi ng'ambo.

Turudi kwenye miradi. Watanzania tunamkumbuka chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Mwaka 2000 maji yakageuzwa, manyunyu ya maporomoko yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliookolewa walikuwa wakilelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani. Wachache wanajua kwamba katika korongo la maporomoko hayohayo ulipatikana mbuni mwitu, Coffea kihansiensis, uliotangazwa mwaka 2004. Mbuni, jamani! Katika nchi inayouza kahawa.

Ninachotaka ni kifungu kimoja kwenye kanuni za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mradi wowote utakaofyeka msitu wa asili usipewe cheti cha mazingira mpaka jaladani iwemo risiti ya Hebaria ya Taifa, pale Ngaramtoni, Arusha, inayothibitisha kwamba sampuli za msitu huo zimepokelewa, zikiwa na lebo na chupa zake za spiriti. Okidi isiyo na ua ing'olewe ikiwa hai, ifungwe kwenye kipande cha gome, ilelewe kwenye banda la kivuli mpaka itoe ua. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua zaidi, lakini itakuwa hai. Porini huwa nakataza kuchuma zaidi ya kinachohitajika, na napenda zaidi tawi lililoangushwa na upepo. Pale ambapo katapila limeshawashwa, huo uungwana hauna maana. Chukueni chote mnachoweza kubeba.

Wahandisi huogopa kwamba okidi moja itasimamisha mradi. Mgodi wa Ambatovy ulifunguliwa na nikeli inachimbwa. Kilichotofautiana na kwetu ni kwamba kabla ya kufyeka kulikuwa na mtu aliyelipwa kuchuma na kubandika, na karatasi yake ikawepo siku alipopatikana mtu wa kuitazama kwa makini.

Hoja iliyo nzito kweli ni nyingine: makabati yakijaa Ngaramtoni, nani atayafungua? Karatasi isiyotazamwa inaliwa na wadudu kimyakimya. Basi kila risiti iambatane na ada, na ada hiyo iajiri vijana wanaomaliza botania na kuishia kuuza vocha. Gharama ya magazeti, spiriti na nauli ya basi haifiki hata mafuta ya gari la mshauri kwa safari moja. Alipe mwenye mradi, kama anavyomlipa mpima ardhi, na alipe kabla.